Kutoka Rolakosta Hadi Jukwaani: Mwongozo wa Safari Yako ya Kwanza ya Tamthilia

Mpenzi wa bustani za burudani, yule anayezijua rolakosta kwa majina na urefu wake, mara nyingi ni huyohuyo utakayemsikia akisimulia kwa furaha igizo la muziki aliloliona London. Mapenzi hayo mawili hukaa kwa mtu mmoja kwa sababu nzuri: mbinu nyingi za bustani kubwa zilitoka jukwaani. Katika bustani za Disney hata mfagiaji anahesabiwa kuwa mmoja wa waigizaji, na kule wanakokula na kubadilisha nguo kunaitwa nyuma ya jukwaa.

Chukua Haunted Mansion, kivutio kilichofunguliwa Disneyland mwaka 1969. Kigari chako kinapita juu ya ukumbi wa dansi, na chini yako mizimu inacheza, inatokea na kutoweka, huku meza na viti vikionekana kupitia miili yao. Pale hakuna filamu. Kuna kioo kikubwa mno ambacho jicho halikitambui, na wanasesere waliofichwa wanaomulikwa kwa taa ili taswira yao ionekane ndani ya kioo. Taa ikizimwa, mzimu umekwenda. John Henry Pepper, mhadhiri wa sayansi, aliwaonyesha watu wa London ujanja huo mwaka 1862, katika igizo lililotokana na hadithi ya Charles Dickens. Au chukua Ben-Hur iliyowekwa jukwaani New York mwaka 1899: farasi wa kweli walikimbia juu ya mikanda inayozunguka, huku wakibaki palepale, wakati mandhari iliyochorwa ikipita nyuma yao kwa kasi. Kama umewahi kuketi kwenye kile chumba cha bustani kinachotikisika mbele ya skrini ukaamini kwamba unaruka angani, mchezo huo unaujua.

Kwa hiyo macho ya kazi hii unayo tayari. Kinachokosekana ni taratibu za ukumbi, ambazo zinatofautiana na za bustani katika mambo machache yenye uzito. Nitazungumzia zaidi London, kwa sababu mitaa ya West End ina kumbi nyingi zilizokaribiana kiasi cha kutembea kwa miguu, na bustani kadhaa ziko karibu na mji.

Chagua igizo kwa kile unachokipenda bustanini

Watu wengi huanza na jina linalosifiwa zaidi, kisha wanatoka wakisema tamthilia si yao. Anza na swali jingine: bustanini, ni kitu gani kinachokufanya urudi kwenye foleni mara ya pili?

Kama ni mizimu, giza na mashua inayoelea kwenye ukungu, nenda The Phantom of the Opera. Limekuwa London tangu Oktoba 1986, katika ukumbi ambao sasa unaitwa His Majesty's Theatre. Thurea kubwa inaning'inia juu ya watazamaji, na mashua inapita kati ya mishumaa inayochomoza kutoka sakafuni. Kama unachopenda ni kupandishwa juu huku moyo ukidunda, nenda Wicked pale Apollo Victoria, hatua chache kutoka stesheni ya Victoria. Sehemu ya kwanza inafungwa kwa mchawi wa kijani kuinuka juu ya jukwaa zima, taa zote zikimwelekea. Aliyesimama kwenye foleni ya mnara wa kushuka kwa kasi ataitambua hali ile ya tumbo. Kama huna subira ya kukaa kitini muda mrefu, kuna Six, habari ya wake sita wa mfalme Henry wa Nane iliyogeuzwa tamasha la muziki wa kisasa. Inachukua dakika 80 hivi, bila mapumziko.

Kama unapenda kasi tupu, basi safari yako si ya London bali ya Bochum, Ujerumani. Tangu mwaka 1988 igizo la Starlight Express linachezwa huko, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili yake peke yake. Waigizaji ni treni, wote wanavaa viatu vya magurudumu, na njia zao za mashindano zinapita katikati ya watazamaji. Upepo wao unakupiga usoni. Linachezwa kwa Kijerumani, na nakuhakikishia kwamba mashindano ya treni yanaeleweka kwa lugha yoyote. Movie Park Germany iko Bottrop, mji wa karibu, na Phantasialand iko Brühl, kusini kidogo ya Cologne. Ukiwa na siku tatu, sijui mahali pengine Ulaya panapompa mpenzi wa rolakosta na jukwaa mchanganyiko bora kuliko huo.

Lakini ukiniuliza igizo moja tu la kuanzia, nitasema The Lion King, pale Lyceum Theatre, London, ambako liko tangu Oktoba 1999. Silitaji kwa sababu ya umaarufu wake. Nalitaja kwa sababu halifichi linavyofanya kazi, na mtu wa bustani hupenda kuona mtambo.

Mkurugenzi wake, Julie Taymor, aliamua kwamba mnyama na binadamu anayemchezesha waonekane wote wawili. Twiga ni mtu aliyesimama juu ya mironjo minne, miwili miguuni na miwili mikononi, na uso wake unauona chini ya shingo ndefu ya mnyama. Swala wanaruka kwa sababu mtu anasukuma chombo chenye magurudumu, na kila gurudumu likizunguka, swala wanapanda na kushuka. Barakoa ya Mufasa, simba mfalme, inakaa juu ya kichwa cha mwigizaji, si usoni. Anapotulia unamwona mtu, anapoinama mbele kwa hasira barakoa inashuka na mbele yako anasimama simba. Dakika chache tu, na macho yako yanaacha kutenganisha.

Kisha linakuja kundi la nyumbu bondeni. Mbali kabisa nyuma ya jukwaa kuna nyumbu wadogo waliobandikwa kwenye mitungi inayozunguka. Mbele yao safu ya nyumbu wakubwa kidogo. Mbele zaidi, wachezaji wenye barakoa kubwa wanakurukia karibu na ukingo wa jukwaa. Jukwaa lina kina cha hatua chache, lakini jicho linaona maili za vumbi. Ni ujanja uleule wa kasri la Disneyland, ambalo matofali yake yanapungua ukubwa kadiri yanavyopanda ili kasri lionekane refu kuliko lilivyo. Mtu aliyepiga picha kasri lile mara nyingi atawatazama nyumbu wale kwa furaha ambayo jirani yake kitini hana.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada, kuketi ukumbini mwa London na kusikia Simba, Rafiki na Pumbaa wakiitwa kwa majina ambayo hayahitaji kuelezwa. Na habari hii inarudi bustanini moja kwa moja. Huko Disney's Animal Kingdom, Florida, onyesho la Festival of the Lion King linachezwa tangu bustani ilipofunguliwa mwaka 1998, na tangu 2014 liko katika mtaa wa Harambe, kijiji cha kubuni kilichojengwa kwa kuiga miji ya Afrika Mashariki, pamoja na mabango yake ya Kiswahili. Katika bustani hiyohiyo, mwaka 2007, lilifunguliwa igizo la Finding Nemo, na vikaragosi vyake vilitengenezwa na Michael Curry, aliyebuni barakoa za The Lion King pamoja na Taymor. Nyimbo ziliandikwa na Robert Lopez na Kristen Anderson-Lopez, mke na mume ambao baadaye waliandika nyimbo za filamu ya Frozen. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba maonyesho ya bustanini ni ya kupoza miguu tu, mwambie watunzi wakubwa wamepita hapo.

Kupanga siku

Usiweke bustani na ukumbi siku moja. Naliweka wazi hili kwa sababu kila mpenzi wa bustani hulijaribu. Ratiba inakubali kwenye karatasi: bustani asubuhi, treni saa kumi, ukumbi saa moja na nusu usiku. Kinachotokea ni kwamba umesimama juani siku nzima, umelowa kwenye kivutio cha maji, na ukiketi kwenye kiti laini gizani unasinzia kabla ya wimbo wa tatu. Kipe kila kimoja siku yake.

Ukitaka kuchanganya siku moja, changanya maigizo mawili. Maonyesho ya usiku ya West End mengi huanza saa moja na nusu, na kuna maonyesho ya mchana, kwa kawaida saa nane na nusu, Jumamosi na siku moja au zaidi za katikati ya wiki. Igizo la mchana, chakula, kisha igizo la usiku katika ukumbi wa mtaa wa pili: siku ya namna hiyo inawezekana kabisa. Broadway, New York, nako ni hivyohivyo, ila Jumatatu kumbi nyingi hufungwa.

Msimu nao una neno. Bustani kama Thorpe Park na Legoland Windsor hufunga majira ya baridi na kufunguliwa tena karibu na Machi. Kumbi hazifungi. Ndiyo maana wapenzi wengi wa bustani wa Uingereza huziweka safari zao za tamthilia kati ya Novemba na Machi. Januari na Februari, watalii wakiwa wachache, ndiyo miezi mizuri zaidi ya kupata kiti kizuri kwa bei nafuu. Kama lengo lako ni kupata vyote viwili, nenda mwanzoni mwa Oktoba au baada ya Pasaka, katikati ya wiki, nje ya likizo za shule. Kwenda Thorpe Park unachukua treni kutoka Waterloo hadi Staines, kisha basi.

Saa ya kufika isikudanganye. Bustanini ukichelewa umepoteza dakika zako. Ukumbini ukichelewa mlango unafungwa, na mhudumu atakuzuia nje hadi ipatikane nafasi ya kukuingiza bila kuwasumbua wengine. Katika The Lion King kuchelewa dakika tano ni kuukosa ule mwanzo wa wanyama kupita kati ya watazamaji, ambao ndio uliokupeleka. Fika nusu saa kabla, na mizigo mikubwa iache hotelini au stesheni, kwa maana kumbi za zamani hazina makabati ya kukodi kama bustani.

Kiti ndicho kila kitu

Mtu wa rolakosta anajua kwamba safu ya mbele na safu ya nyuma ni safari mbili tofauti. Ukumbi ni hivyo, na zaidi, maana hapa kiti ndicho kinachopanga bei. Kumbi za London zina viti vya chini, vinavyoitwa stalls, halafu roshani mbili au tatu juu yake. Roshani ya kwanza ndiyo mahali ninapompeleka mtu mara nyingi, safu za mbele, katikati. Unaona picha yote ya jukwaa, unaona sakafu inavyofunguka, unaona mistari ya wachezaji.

The Lion King ni tofauti. Pale chagua viti vya chini, kandokando ya njia za kati, kwa sababu wanyama wa mwanzo hawatokei jukwaani tu. Wanapita katikati ya watazamaji, na tembo akipita kando ya bega lako hutahitaji kuelezwa kwa nini ulilipa zaidi. Ukiketi roshani za juu utasikia watu wa chini wakishangilia kitu usichokiona. Tazama pia vyumba vidogo vya pembeni, kushoto na kulia kwa jukwaa: humo wamekaa wapiga ngoma, mahali pa wazi kabisa. Kwa Phantom, usikae nyuma sana chini ya roshani, thurea itakupotea.

Maneno ya kusoma kwa makini kwenye tiketi ni yale yanayosema mwono umezuiliwa kwa sehemu. Majengo haya ni ya zamani, yana nguzo, na mtu wa roshani ya juu hukuta chuma cha kujishikia kimekata jukwaa vipande viwili. Bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo. Kwa safari ya pili ni kiti kizuri. Kwa ya kwanza hapana. Nafasi ya miguu huko juu ni finyu na ngazi ni nyingi, basi mwenye matatizo ya magoti au anayetumia kiti cha magurudumu azungumze na ukumbi kabla ya kununua. Kumbi nyingi zina utaratibu mzuri wa kuwahudumia, na nyingine hupanga maonyesho maalumu yenye maandishi au yenye taa na sauti zilizopunguzwa.

Na kama unasafiri peke yako, furahia. Bustanini kuna foleni ya mtu mmoja mmoja inayokuingiza haraka kuliko familia ya watu watano. Ukumbini hali ni hiyo: viti vya mojamoja hubaki hadi mwisho katika sehemu nzuri kabisa, kwa sababu watu hununua viwili viwili. Marafiki wawili wanaokubali kukaa mbalimbali kwa saa mbili na nusu wanaweza kuketi mahali ambapo wasingepapata pamoja.

Kununua tiketi

Anza na tovuti ya ukumbi wenyewe au ya igizo lenyewe. Majina mengi yanayotokea juu kwenye utafutaji wa intaneti ni ya wauzaji wa kati, na baadhi huongeza gharama kubwa juu ya bei ya kawaida. Ukishafika mjini, kibanda cha TKTS kilichopo Leicester Square huuza tiketi za punguzo kwa maonyesho ya siku hiyo na ya siku zinazofuata. New York nako kuna TKTS, pale Times Square, tangu 1973. Maigizo mengi pia hutoa tiketi chache za bei ya chini asubuhi ya siku yenyewe, au kwa bahati nasibu ya simuni. Hizo ni kwa mtu asiye na igizo moja aliloliapia. Kama umetoka mbali kwa ajili ya The Lion King, lipia mapema na ulale.

Mkienda kikundi, mteueni mtu mmoja wa kununua. Kumbi nyingi zina bei ya kikundi, na ni huzuni kununua tiketi kumi moja moja kisha kugundua hivyo.

Mtambo ni watu

Hapa ndipo wapenzi wa bustani hukosea. Tumezoea kurekodi safari yote kwa simu na kupiga kelele kwenye mteremko. Ukumbini simu inazimwa kabisa, kupiga picha wakati wa onyesho ni marufuku, na mwanga wa skrini yako unafika hadi jukwaani. Kuimba pamoja na waigizaji, hata kama wimbo unaujua neno kwa neno, usifanye. Aliye mbele yako amelipa kumsikia mwingine. Shangilia baada ya wimbo, kwa nguvu zako zote. Hilo waigizaji wanalitaka.

Pia jiandae kwa jambo ambalo rolakosta haina. Mwigizaji uliyemtamani anaweza kuumwa, na karatasi iliyobandikwa karibu na mlango itakuambia kwamba leo anacheza wa akiba. Usinung'unike. Watu hao wameshika nyimbo na hatua za sehemu kadhaa kwa mpigo, na wengine wanaitwa mchana kwa onyesho la usiku. Nimeona watazamaji wakisimama kwa ajili ya mwigizaji wa akiba kabla pazia halijafungwa, na alistahili.

Wakati wa mapumziko, kama dakika 20, foleni ya vyoo vya wanawake itakushangaza kuliko foleni yoyote ya bustani. Inuka taa zinapowaka, usisubiri. Ukishatoka, ukitaka saini nenda kwenye mlango wa waigizaji ulio kando au nyuma ya jengo, usimame kwa utaratibu, na umruhusu anayepita haraka apite.

Bustani zenye jukwaa lake

Kama bado unaona ukumbi wa mjini ni mgeni, ziko bustani zitakazokuvusha taratibu. Efteling, Uholanzi, iliyofunguliwa 1952, ina ukumbi wake wa maigizo makubwa ya muziki tangu 2002. Puy du Fou, magharibi mwa Ufaransa, haina rolakosta hata moja: ni maonyesho matupu, mashindano ya magari ya farasi ndani ya uwanja wa Kirumi, ndege wawindaji wakipita juu ya vichwa, na usiku wa kiangazi onyesho linaloitwa Cinéscénie ambalo wanavijiji zaidi ya 2,000 hulicheza kwa kujitolea. Cinéscénie ina usiku maalumu tu, tiketi yake ni ya peke yake na huisha mapema.

Kwa walio Afrika Mashariki, na kwa ndugu zetu wengi walioko Oman na Emirati, viza ya Uingereza si lazima iwe mwanzo wa safari. Kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, kina Ferrari World tangu 2010, yenye rolakosta ya Formula Rossa inayofikia kilomita 240 kwa saa, na Warner Bros. World tangu 2018. Katika kisiwa hichohicho, Etihad Arena, The Lion King lilichezwa kwa wiki kadhaa mwishoni mwa 2022. Dubai Opera imewahi kuleta Les Misérables mwaka 2016 na Phantom mwaka 2017. Muscat ina Royal Opera House tangu 2011, na pale, tofauti na West End ambako jinzi na raba zinakubalika, mavazi ya heshima ni sharti la kuingia.

Maigizo ya ziara hukaa wiki chache tu mahali pamoja. Basi ukiishi upande wetu, ratiba za kumbi hizo ndizo za kufuatilia kwanza. Tarehe zikitangazwa, nunua kiti cha ukumbi, halafu ndege, halafu tiketi ya bustani, kwa mpangilio huo.